Saba ya Kalamu

Fundi alikuwa na hasira kabla mimi sijampa sababu. Nalisema hili mapema kwa kuwa nimewahi kusimulia habari zake mbele ya watu kana kwamba hasira yake ilianza na mimi, na hiyo ni sifa nisiyostahili. Alikuwa akianza kukasirika asubuhi, pale alipofika kwenye baraza lake karibu na soko la Mpanda na kukuta mtu ameshaacha redio juu ya meza na kwenda zake bila neno.

"Mgonjwa kaletwa, aliyemleta kakimbia," alikuwa akisema. "Sasa nimuulize nani?"

Kuuliza ndiyo ilikuwa nusu ya kazi yake. Alitengeneza mashine za kuchapia, redio, saa za ukutani, na mara moja nilimwona akifungua honi ya lori. Kila kifaa kilipokelewa kwa swali lile lile: "Ilifanywa nini?" Hakuuliza ina ubovu gani. Ubovu angeuona mwenyewe. Alitaka kujua nani alimwaga nini juu yake, nani aliiangusha, nani alijaribu kuifungua kwa kisu cha jikoni. Ukimwambia ukweli, alifoka kidogo kisha akafanya kazi. Ukimwambia "imekufa tu yenyewe," alikurudishia.

Mwalimu mkuu mmoja wa Kakese alimletea mashine ya kuchapia ambayo herufi zake tatu zilikuwa zinanasa. Mwalimu alikuwa mtu mzima, amevaa koti, na baiskeli yake ilikuwa na kititia cha kuzungushwa na upepo mbele. Akasema imeharibika yenyewe likizoni. Fundi akainama, akanusa, akaivika mashine kifuniko chake na kuisukuma mbele ya mwalimu.

"Nenda nyumbani ukakumbuke, Mwalimu."

Mwalimu alirudi baada ya siku mbili, akiwa hana koti, akasema mtoto alimwaga uji. Kazi ilichukua nusu saa. Mimi nilikuwapo, nikamuuliza Fundi kwa nini alimsumbua mtu mzima vile wakati harufu ya uji aliisikia tangu siku ya kwanza. Akanitazama kama anavyotazama betri iliyovuja.

"Uji unatoka kwa maji ya moto. Mafuta hayatoki kwa maji ya moto. Mtu akinidanganya naosha kitu ambacho hakimo, na kilichomo kinabaki. Pua yangu inaweza kukosea. Yeye alikuwepo."

Zana zake alizitengeneza mwenyewe. Bisibisi zake nyembamba zilikuwa spoki za baiskeli alizozigonga na kuzinoa. Vijiko viwili alivikunja vishikio kwa ajili ya kung'olea vitufe vya mashine bila kuvivunja. Chuma chake cha kulehemu hakikuhitaji umeme, alikichoma kwenye jiko la mkaa la mama wa chai aliyekuwa jirani yake, naye mama wa chai alikuwa akilalamika kila mara kwamba maandazi yake yananuka risasi ya kulehemea.

"Watu wanakula redio humu," alikuwa akisema.

"Ndiyo maana wanaongea sana," Fundi akajibu bila kucheka.

Barazani pale walikuwa watatu: yeye, mama wa chai, na mshonaji wa nguo ambaye cherehani yake ilitazamana na meza ya Fundi. Mshonaji alikuwa mcheshi na alijua habari za mji mzima. Alipenda kumchokoza Fundi mbele ya wateja. "Nyie mnamletea huyu vitu vyenu kwa nini? Atawahoji kuliko polisi." Fundi alikuwa akiinua macho na kusema, "Wewe shona. Suruali ya mwisho uliyoshona ilikuwa na miguu miwili ya kushoto." Hivyo ndivyo walivyopendana, au hivyo ndivyo nilivyodhani.

Alijaa mambo yasiyopatana. Alichukia uongo, lakini nilimsikia akimwambia bibi mmoja wa Magamba kwamba redio ya marehemu mumewe imechoka na inahitaji kupumzika, badala ya kumwambia kwamba imekufa. Bibi akaichukua akaondoka ameridhika. Alisali kila Jumapili na aliimba besi kwenye kwaya, lakini matusi aliyozitukana skrubu zilizoota kutu sijapata kuyasikia tena. Hakumruhusu mtu kugusa bisibisi zake, lakini baiskeli yake ilitumiwa na nusu ya soko. Na alipenda kuwadharau wasomi, huku madaftari ya watoto wake, waliokuwa wakisoma Mishamo, akiyavika majalada ya karatasi ya sukari kwa mikono yake, moja moja, pembe zikiwa zimenyooka kama za sanduku.

Mimi nilikuwa msomi. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na kuajiriwa katika ofisi moja mjini pale, ambayo sitaitaja kwa jina maana walio hai ni wengi. Kazi yetu, miongoni mwa nyingine, ilikuwa kuchapa vibali. Katikati ya miaka ya tisini Mishamo ilikuwa bado makazi ya wakimbizi kutoka Burundi, na aliyeishi kule hakuruhusiwa kutoka bila karatasi inayoonyesha anakwenda wapi na hadi tarehe gani. Fundi alikuwa mtu wa Mishamo. Mke na watoto walikuwa kule, meza yake ilikuwa Mpanda, na katikati ya hivyo viwili kulikuwa na karatasi yetu. Bila hiyo hakuwa na meza. Alipoitwa mkimbizi alikasirika, na alipoitwa mwenyeji alikasirika vilevile. "Mimi Fundi," alisema. "Hilo halina kibali."

Kila kibali kilipokwisha alikuja ofisini kufanyiwa kipya. Alikuwa mtu pekee aliyesoma karatasi yote kabla ya kuondoka dirishani, mstari kwa mstari, kidole kikitembea chini ya maneno, foleni nyuma yake ikiguna.

Kisha ofisi ikaletewa kompyuta. Ilikuwa ya mitumba, lakini kwetu ilikuwa mpya, na kibodi yake ilikuwa nzito kama tofali. Ulipobonyeza kitufe kililia "ka!" kama mtu anayevunja kijiti. Kwa kuwa nilikuwa nimesoma, mkuu wa ofisi aliniteua niwe msimamizi wake. Sikumwambia kwamba chuoni nilikuwa nimeiona kompyuta kupitia dirisha la chumba kilichofungwa. Sekretari, mama mmoja mpole aliyekuwa na mwendo wa vidole kama mvua juu ya bati, aliifumia kibodi kitambaa cha nyuzi za sufu, chenye maua mekundu pembeni, kama tulivyofanyia viti na redio majumbani kwetu. Kila jioni tuliifunika. Kila asubuhi tulikikung'uta kitambaa hapo hapo juu yake na kuanza kazi.

Baada ya miezi michache, namba saba ikaanza kugoma. Ulibonyeza, ikalia "ka!" na kwenye kioo hakuna kitu. Ulibonyeza mara tatu, ikatokea moja. Sekretari akasema tumwite Fundi.

"Dada," nikamwambia, "hii si taipureta. Hii ni kompyuta."

Nikaitibu mwenyewe. Nilikumbuka kwamba mashine za kuchapia hutiwa mafuta, nikaagiza mafuta ya pikipiki ya ofisi, nikachovya unyoya wa kuku na kudondosha matone kwenye kitufe cha saba. Nilidondosha mengi. Nilikuwa nimevaa tai. Tangu siku hiyo saba haikuandika kabisa.

Mkuu alikuwa safarini kwa wiki tatu. Ofisi haikuwa na mwingine wa kuniuliza, nami sikutaka kujiuliza. Tukaamua kwamba penye saba sekretari aache nafasi, nami nitaijaza kwa kalamu. Vibali vilichapwa kwa printa ya kugonga, pamoja na nakala ya kaboni iliyobaki kwenye faili. Mimi niliandika saba kwenye karatasi ya juu tu, ile ya mwenye kibali. Nakala haikupata kitu. Hilo nalo sikulifikiria, ingawa kufikiria ndicho nilichosomea.

Fundi alikuja katika wiki ya pili, tarehe mosi. Kibali chake kilikuwa cha kuishia tarehe ishirini na saba. Alisoma, kidole kikafika kwenye tarehe, kikasimama.

"Hii saba ni ya nani?"

"Ni yangu. Mashine imechoka kidogo."

"Ilifanywa nini?"

"Haikufanywa kitu, Fundi. Watu wanasubiri."

"Nilete bisibisi?"

"Hizi haziendi kwa bisibisi."

Kisha akairudisha karatasi juu ya dirisha. "Basi weka sahihi yako hapo pembeni ya saba. Pameongezwa kwa kalamu, panatakiwa sahihi."

Alikuwa sawa. Hata karani wa mahakama ya mwanzo analijua hilo. Lakini alilisema kwa sauti, mbele ya foleni, na mtu mmoja kule nyuma akacheka.

"Fundi, unanifundisha kazi?"

"Nakuomba sahihi."

"Anayefuata," nikasema.

Alichukua karatasi yake akaondoka. Hiyo ndiyo mara ya pekee niliyomwona akiondoka mahali bila kumaliza alilolianza, na nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nadhani jibu ni jepesi na linaniudhi: nilikuwa upande wa ndani wa dirisha.

Tarehe kumi hivi alikwenda Mishamo kuona familia, na wakati wa kurudi alisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani. Askari wa zamu alikuwa mgeni. Aliona saba ya wino wa bluu kando ya mbili ya mashine, bila sahihi, akamshusha kwenye lori. Fundi akalala mahabusu siku nne. Siku ya tano waliomba kuona nakala ya ofisi, na nakala ilisema tarehe mbili. Kwa hiyo, kwa karatasi zetu wenyewe, kibali cha Fundi kilikuwa kimekwisha tarehe mbili, naye akajiongezea siku ishirini na tano kwa kalamu.

Aliletwa ofisini na mgambo asubuhi ya siku ambayo mkuu alitarajiwa kurudi, ili mkuu aamue. Mgambo alikuwa amebeba mkoba wa zana zake kama ushahidi. Fundi akakalishwa kwenye benchi ndani ya chumba cha sekretari. Shati lake lilikuwa lile lile la siku nne. Mimi nilikuwa mezani kwangu, umbali wa hatua tatu, nikipanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Sekretari alikuwa anachapa. Alifika kwenye saba, akabonyeza kwa mazoea, "ka!", kisha akaacha nafasi. Fundi akainua kichwa.

"Mama, rudia hapo."

Akarudia. "Ka!" Kioo kitupu.

"Bado haijatengenezwa," Fundi akasema, si kwa mtu yeyote. Kisha kwa mgambo: "Nipe mkoba."

"Wewe ni mtuhumiwa, mzee."

"Mtuhumiwa mwenye mikono. Nipe, au uishike wewe spoki."

Mgambo akacheka, akampa. Na hapo, ndani ya chumba kilichomwita mghushi, nilimwona akifanya kazi safi kuliko zote nilizowahi kumwona akifanya.

Hakufungua kitu kwanza. Alimwambia sekretari abonyeze sita, kisha nane. Zikaandika. Akamwambia abonyeze herufi zilizo chini ya saba, moja baada ya nyingine. Zikaandika. "Ingekuwa njia ya umeme, wangelala wengi," akasema. "Amelala mmoja." Akaning'iniza kibodi kichwa chini, akaigonga mgongoni kwa kiganja. Zilidondoka nywele, chenga za andazi, na vinyuzi vya sufu nyekundu. Sekretari akafunika mdomo kwa mkono.

Kisha akaufungua mgongo wake, waya ukiwa bado umechomekwa. Akatafuta nukta mbili za risasi zilizokuwa chini ya saba, akazigusisha kwa kipande cha waya. Kwenye kioo ikatokea saba. Akagusa tena: saba ya pili.

"Kompyuta nzima," akasema. "Kioo kizima. Aliyelala ni mlinzi wa mlango."

Sekretari akazima mashine. Fundi akang'oa kofia ya kitufe kwa vijiko vyake, akachungulia ndani, akanusa. Akageuza kiti na kunitazama kwa mara ya kwanza tangu alipoingia.

"Ilifanywa nini?"

"Sijui," nikasema.

"Nauliza tena. Ilifanywa nini?"

"Labda vumbi."

"Vumbi lina harufu ya pikipiki?"

Mgambo akacheka tena. Mimi nikasema nina kazi. Fundi hakuuliza mara ya tatu. Aliona kwamba mafuta, vumbi na sufu vimegandana ndani ya swichi kama ugali wa jana, na kwamba kibati kidogo cha ndani kimepinda kwa kubonyezwa na wenye hasira. Akaamua kuitoa yote. Pembeni juu ya kibodi kulikuwa na kitufe ambacho hakuna mtu ofisini aliyejua kazi yake. Akachoma chuma kwenye jiko la chai la sekretari, akayeyusha risasi, akang'oa swichi ya kitufe kile na kuipachika kwenye saba. Akafunga. Akawasha. Akabonyeza.

Saba. Saba. Saba.

Kisha akafanya jambo lililonichoma kuliko mahabusu yake yote. Aliangalia upande wa kulia wa kibodi, penye namba zile nyingine, zile zilizopangwa kama mraba.

"Na saba hii ya huku?"

"Hiyo ni ya hesabu," nikasema. Ndivyo nilivyoamini. Tuliijaribu mara moja, ikaturusha mwanzo wa mstari, tukaiacha.

Fundi akaibonyeza. Ikarusha. Akaangalia taa tatu ndogo zilizokuwa juu yake, mbili zimezimika. Akabonyeza kitufe kimoja, taa haikuwaka. Akabonyeza cha pili, ikawaka. Akabonyeza saba ya hesabu, ikaandika saba kwenye kibali kama saba nyingine yoyote.

"Ilikuwepo siku zote," alisema taratibu. "Nimelala chini siku nne, saba ikiwa hapa."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Mkuu aliingia saa nne, amechoka na safari, mavumbi hadi kwenye nyusi. Alisikiliza maelezo ya mgambo amesimama. Akachukua kibali, akachukua nakala, akaviweka sambamba.

"Fundi, hii saba umeandika wewe?"

"Ameandika huyu," Fundi akasema, akinionyesha kwa kidevu. "Kitufe kilikuwa kibovu. Nilimwomba sahihi akakataa."

Mkuu akaenda kwenye kompyuta, akabonyeza saba. Ikaandika. Akabonyeza tena, akitutazama.

"Kibovu kipi?"

"Nimekitengeneza sasa hivi."

"Umekitengeneza sasa hivi," mkuu akarudia, kama mtu anayemsaidia mwongo kuusikia uongo wake.

Sekretari akasema kwa sauti ndogo, "Mkuu, kilikuwa kinasumbua kweli." Mkuu akanigeukia mimi, msimamizi wa kompyuta.

Hapa ndipo nimekaa kwa miaka mingi. Nilikuwa na sentensi moja ya kusema: saba hiyo ni yangu, mafuta ni yangu, nakala sikuijaza. Nilikuwa kijana, kazi yangu ilikuwa ya kwanza, na nyumbani walikuwa wameshawaambia majirani kwamba naendesha kompyuta. Nikasema, "Kilisumbua kidogo, Mkuu. Lakini vibali vilitoka vizuri."

"Na saba hii?"

"Sikumbuki kuiandika."

Sekretari akainamisha uso. Fundi akanitazama, na nilitegemea anitukane kama alivyotukana skrubu. Badala yake alianza kufuta spoki zake moja moja kwa kitambaa na kuzirudisha mkobani, kwa utaratibu wake. Alirudishwa Mishamo mchana huo huo. Kwenye faili lake mkuu aliandika kwamba ameghushi na asipewe kibali tena. Kuchapa barua ya uamuzi huo nilipewa mimi. Saba iliandika vizuri.

Nimewakasirikia wengi kwa ajili ya siku ile. Nimemkasirikia mkuu, ambaye kwake chombo kinachofanya kazi leo kilikuwa kinafanya kazi jana. Nimekasirikia utaratibu wa kumfanya mtu aombe karatasi ili ashike bisibisi yake. Nimemkasirikia hata Fundi: kwa nini alikitengeneza? Angekiacha kimekufa dakika ishirini zaidi, mkuu angekikuta kimekufa. Kwa hasira hiyo ya mwisho naona aibu zaidi. Mtu aliona kitu kibovu, akawa na zana. Hakuwa na sababu ya kujua kwamba ubovu ule ndio ulikuwa shahidi wake, na kwamba shahidi mwingine alikuwa amekaa hatua tatu, amevaa tai.

Barazani habari ilifika kabla ya jua kuzama. Mshonaji aliisambaza kwa ucheshi wake wote. "Kumbe alikuwa anatengeneza na tarehe!" Watu walicheka. Baada ya wiki mbili alikuwa anaisimulia kama jambo alilolijua zamani: yule mzee wa kuwahoji wenzake kuhusu uongo, mwenyewe mghushi. Mama wa chai alisema haamini, kisha akaacha kusema. Meza ya Fundi ikachukuliwa na muuza vipuri vya baiskeli. Mimi nilipita pale kila siku kwenda kula, na nilicheka walipocheka, kwa sauti ya mtu wa kawaida.

Ilinichukua miaka minne. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilipata nafasi ya kurudi chuoni, nikaacha kazi, na wiki ile niliyoacha nikapata ujasiri. Msomaji ameshaona mpangilio huo, nami siupambi. Niliandika barua ya ukurasa mmoja. Saba ni yangu. Mafuta ni yangu. Aliniomba sahihi nikakataa. Nilimwambia mkuu uongo. Nikapanda lori la mahindi hadi Mishamo, na kipande cha mwisho nikaazima baiskeli.

Nilimkuta pembeni ya nyumba yake, chini ya paa dogo la nyasi, baiskeli imepinduliwa mbele yake. Kule hakukuwa na mashine za kuchapia. Alikuwa amekonda, na miwani yake ilikuwa imefungwa kwa waya wa shaba, kazi nzuri. Mkewe alikuwa anapukuchua maharage kwenye ungo. Majirani wawili watatu walisubiri baiskeli zao.

"Bwana Ofisa," alisema, kama mtu aliyeniona jana.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Imefanywa nini?"

Nikampa barua. Aliisoma kama zamani, kidole chini ya maneno, hadi mwisho. Akaigeuza nyuma. Akairudisha mbele.

"Mhuri uko wapi?"

"Nimeacha kazi, Fundi. Sina mhuri."

"Ulipokuwa nao ulikuwa wapi?"

Sisi wote tuliokuwa pale tulijua kwamba barua isiyo na mhuri haiwezi kufuta neno kwenye faili, na mimi niliyekuwa nimeshika mhuri ule kwa miaka minne nilikuwa nimelijua hilo vizuri zaidi ya wote.

"Basi hii si barua," alisema. Alinirudishia. "Isome."

"Umeshaisoma."

"Huyu hajasoma," akamwonyesha mkewe kwa bisibisi. "Wakati ule nilimwambia sikuandika mimi. Akasema sawa. Ile sawa nimekaa nayo miaka minne."

Mama yule hakuinua macho kutoka kwenye ungo, lakini mikono yake ilisimama. Nikasoma. Nilipomaliza, Fundi akasema, "Rudia pale pa sahihi." Nikarudia. "Wao hawakusikia," akasema, akimaanisha majirani. "Sema kwa nguvu." Nikasema kwa nguvu. Mmoja wa majirani akatema mate pembeni, na sikujua ni kwa ajili yangu au ni tumbaku.

"Kumbe," mama akasema. Akamtazama mumewe muda mrefu, kisha akaanza kulia bila sauti huku akipukuchua.

Nilidhani nimemaliza. Nikaikunja karatasi na kutaka kuiacha kwenye kigoda.

"Chukua," Fundi akasema. "Safari ya Mpanda ni yako. Mimi sina kibali cha kwenda kuisoma." Alikuwa ameshainama kwenye baiskeli yake. "Anza na mama wa chai. Kisha yule wa vipuri aliyekaa kwenye meza yangu, aisikie akiwa amekaa. Kisha mshonaji. Huyo msomee mara mbili."

"Mshonaji alifariki mwaka jana," nilisema. Nakiri nililisema kwa nafuu kidogo, kama mtu aliyepunguziwa mzigo kwenye mzani.

Fundi alilizungusha gurudumu, akalisikiliza hadi liliposimama lenyewe.

"Ana mke," alisema. "Kamsomee mkewe."